Siku 5 Mpwapwa: bati 60, jogoo 1 na majina 11

Nimerudi wiki tatu zilizopita na daftari langu bado linatoa vumbi kila nikifungua ukurasa. Picha ninazo nyingi, ila nusu ni za mbuzi, maana simu ilishikwa na kijana wa kwaya aliyezaliwa Temeke. Haya niliyoandika nimeyaunga kutoka kwenye daftari, picha na stakabadhi. Saa nyingine ni za kukisia. Bei ni zile tulizolipa sisi.

Miaka miwili iliyopita parishi yetu ya Kianglikana hapa Dar ilinunua bati 60 za geji 28 na kuzipeleka kwenye mtaa mmoja wilaya ya Mpwapwa. Kwa msomaji asiyejua lugha yetu, mtaa ni kusanyiko dogo chini ya parishi. Lina mwinjilisti wake, na mchungaji hulifikia kwa zamu. Mwaka huu halmashauri ya parishi ikaamua watu watatu waende kuona bati zimezaa nini. Tukateuliwa mimi mzee wa kanisa, mama mmoja wa Umoja wa Mama, na huyo kijana. Mitaa tuliyotembelea sitaitaja kwa jina. Wa kwanza nitauita mtaa wa bati, wa pili mtaa wa mbuyu.

Alhamisi: Dar – Dodoma – Mpwapwa

Treni ya umeme ya asubuhi, daraja la kawaida, 31,000 kwa kichwa. Mimi ni mtu wa enzi za basi la alfajiri na kushuka Gairo ukiwa umekunjika kama barua, kwa hiyo kufika Dodoma kabla ya chakula cha mchana kulinifanya nijione kama nimedanganywa. Mama alifunga macho kuomba tulipoondoka Pugu. Alipoyafungua tulikuwa tumeshapita Morogoro, na anasisitiza kwamba alikuwa bado anaomba.

Ushauri wa kwanza: kata tiketi mapema, hasa mwisho wa wiki, na kitambulisho usikiache nyumbani.

Dodoma tulikula wali maharage (3,000), tukaingia kwenye Coaster ya Mpwapwa, 8,000. Konda alisema inaondoka "sasa hivi". Tulikaa saa mbili kasoro tukisubiri ijae, na ilipojaa aliongeza wengine saba. Ikulu ya Chamwino, Buigiri, kisha Mbande, ambapo unaiacha barabara ya Morogoro na kukata kulia kuelekea Kongwa.

Kongwa nilitamani tusimame, lakini gari la watu si teksi. Ndipo mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha ule mradi wa karanga, na matrekta na mamilioni ya pauni, ili wapate mafuta ya kupikia kwao. Ardhi ikawa ngumu kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukazikwa. Babu aliyekaa jirani yangu alisema baba yake alifanya kazi huko. "Mgogo angewaambia mvua ya hapa ni ya uwele," alisema, "ila hawakuuliza." Nililiandika hilo kwenye daftari kwa sababu lilinichekesha. Sikujua kwamba kesho yake lingenirudia.

Baada ya Kongwa tulikula vumbi. Beba leso au mtandio, hata kama wewe ni mwanaume na unaona haya. Tulifika Mpwapwa jua limezama. Gesti 20,000, maji ya kuoga kwenye ndoo, neti nzima. Mchungaji alikuja kutupokea kwa pikipiki. "Bwana Yesu asifiwe!" alipaza kutoka getini, na kwa kuwa mwili wake ulikuwa mweupe kwa vumbi kuliko wetu, tukajua naye ametoka mbali.

Ijumaa: mtaa wa bati

Uko upande wa Gulwe, bodaboda 8,000 kutoka mjini. Unaliona kanisa kabla hujakiona kijiji. Zile bati zetu zinang'aa juani mpaka macho yanauma. Nikajisikia vizuri, niseme kweli. Nilipiga picha tatu kabla sijamsalimu mtu.

Mlango ulikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao mhazini, na mhazini alikuwa shambani. Tukasubiri saa nzima chini ya kivuli cha ukuta. Mwinjilisti, mzee mpole mwenye viatu vya matairi, alituletea viti vitatu na kusimama yeye. Kabla ya hapo alitupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji tukasaini kitabu cha wageni. Msiruke hatua hiyo hata kama mmealikwa na kanisa, inaondoa maswali mengi.

Ndani kulikuwa na mabenchi manane, mimbari, kitambaa cha meza kilichofuliwa vizuri, na mbayuwayu wamejenga kwenye kenchi. Niliomba daftari la mahudhurio. Mwinjilisti alinipa bila kusitasita, na hilo nalihesabu kama ushujaa. Kabla ya bati: 74, 81, 69, 77. Mwezi wa uzinduzi: 140. Kisha namba zinaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani: 52, 40, 33. Jumapili iliyopita: 21.

Tuliuliza kwa nini. Wazee wakatupa majibu ambayo wazee hutoa: njaa, vijana wameenda mijini, kuna kanisa jipya lenye spika kubwa barabarani. Yote ya kweli. Ila nilikuwa nimeona mama yetu kaondoka zamani, yuko jikoni na wanawake akichambua mlenda. Aliporudi alinikonyeza, na tulipokuwa njiani akanieleza.

Kulikuwa na chenji iliyobaki kwenye pesa ya misumari na usafiri. Badala ya kuirudisha, wazee waliona waizungushe kama VICOBA: ukope, urudishe na riba kidogo, mfuko ukue. Wazo zuri tu. Watu 17 walikopa. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, uwele ukakauka ukiwa magotini, hakuna aliyerudisha. Jumapili moja, kwenye matangazo, mhazini akasimama akasoma majina ya wadaiwa.

"Sasa baba," mama aliniambia, "nani arudi kukaa benchi moja na mtu aliyemsomea deni mbele ya mkwe wake?"

Watu 17, kila mmoja na mke au mume, na watoto, na bibi anayeshikwa mkono kuja ibadani. Piga hesabu mwenyewe. Wala hawakuacha kusali. Ndio wamelijaza lile kanisa la spika kubwa.

La pili lilinihusu mimi. Kuta zile walizijenga wenyewe, kila nyumba ilileta matofali na ndoo za maji. Bati zilipofika kwa lori na bango lenye jina la parishi yetu, kanisa likaanza kuitwa "la watu wa Dar". Machi upepo uling'oa bati mbili. Hakuna aliyepanda juu na nyundo. Wakaandika barua. Barua hiyo naikumbuka, niliisoma mimi mwenyewe kwenye kikao, na tukawatumia bati nne, mbili za akiba. Tulipiga makofi siku ile.

Yule babu wa kwenye Coaster na karanga zake.

Jioni tulikula kwa mchungaji: ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, na kuku aliyechinjwa kwa heshima yetu. Ana mitaa tisa na pikipiki moja. Meza ya Bwana mtaa mmoja unaipata baada ya miezi miwili, mafuta yakiruhusu. Nilimsimulia tuliyoyaona, naye hakushangaa. Alisema chuoni Kongwa walifundishwa habari za Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, kule London kuanzia mwaka 1841. Huyo ndiye aliyesisitiza kwamba kanisa changa lifikishwe mahali pa kujitegemea, kujiongoza na kujieneza, na mmisionari aondoke akaanze kwingine. Venn alifariki mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye CMS walifika hapa hapa Mpwapwa, wakiwa njiani kwenda Buganda.

"Kwa hiyo wazo lilifika kabla ya wamisionari," mchungaji alisema akicheka, "ila bado liko njiani linakuja kwenye mitaa yangu."

Nikamuuliza kama naye hana lawama. Akasema anayo: yeye mwenyewe huonekana mtaani kwa mambo matatu, ubatizo, msiba na makisio ya dayosisi. "Mtu akisikia pikipiki yangu anashika mfuko."

Jumamosi: kuelekea mtaa wa mbuyu

Upande wa Kibakwe, milima na makorongo. Bodaboda mbili, 15,000 kila moja, na mimi nilipakiwa na begi la sukari, chumvi na sabuni. (Ushauri: beba vitu hivyo, acha nguo za mitumba. Na beba pesa taslimu za noti ndogo. Wakala yupo, floti haipo.)

Saa tano tairi la pikipiki yetu lilipasuka mahali ambapo hapana hata mti wa maana. Dereva alikuwa na gamu lakini hana pampu. Tukatembea mpaka kwenye nyumba ya tembe, akatoka mzee mwenye kofia ya kiua na tasbihi mkononi. Shikamoo, marahaba, karibuni. Hakuuliza tunakwenda wapi mpaka tulipokwisha kunywa maji. Kisha akamtuma mjukuu wake kwa baiskeli akaazime pampu kijiji cha pili. Tulikaa kwake saa moja na nusu, akatukatia tikiti maji. Nilipotoa 5,000 aliisukuma kwa kidole kama mdudu.

"Mnakwenda kusali?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi mkiombea mvua, msiombee upande wenu tu."

Tulifika alasiri. Mtaa wa mbuyu hauna jengo, yaani una nusu ya jengo. Kuta za tofali za kuchoma zimefika usawa wa kifua na zimesimama hapo kwa miaka mitatu. Ibada hufanyika chini ya mbuyu wa jirani, mabenchi ni magogo. Mwinjilisti ni mwanaume wa kama miaka 35, mkulima wa alizeti, hana mshahara. Washarika humlimia ekari moja kila msimu, siku moja, wote kwa pamoja. Ndiyo posho yake.

Tulilala kwa familia tatu tofauti. Mbu wachache, nyota nyingi mno. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya usiku ule, nililala kama gogo.

Jumapili: chini ya mbuyu

Ibada ilitangazwa saa tatu, ikaanza saa nne. Ngoma za muheme zilianza kupigwa na akina mama kabla watu hawajafika, nadhani ndiyo kengele yenyewe. Mzee mmoja alikuwa na zeze. Nilihesabu watu 112 na watoto wao, na hiyo ni bila mbwa wawili waliokaa mbele kwa utulivu kuliko kwaya.

Mahubiri dakika 20. Nimesikia marefu zaidi yenye kitu kidogo zaidi.

Lililonishangaza lilikuja kwenye matangazo. Mwinjilisti aliuliza, "Nani hayupo?" Nikadhani ni swali la kuchekesha. Watu wakaanza kutaja. Mama fulani, mguu umevimba. Kijana fulani, kaenda mnadani kuuza ndama. Mzee fulani, hatujui. Hapo pakawa kimya. "Nani anapita kwake leo?" Mwanamke mmoja akanyoosha mkono. "Kabla jua halijazama," mwinjilisti akasema, "na Jumatano utuambie." Wakaendelea. Majina kama 15, dakika 15. Hakuna aliyesemwa vibaya. Mmoja ilisemwa amekasirika, na aliyepewa kwenda kwake ni yule yule aliyemkasirisha. Watu walicheka, naye akacheka, lakini niliona atakwenda.

Hesabu zao zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliotundikwa mbuyuni. Sadaka Jumapili iliyopita 23,400. Sabuni ya kufulia kitambaa 500. Dawa ya mtoto wa fulani 4,000. Betri za tochi 2,000. Saruji, akiba, 16,900. Jumla inapatikana. Anayejua kusoma anamsomea asiyejua, na ukiwa na swali unauliza ubao, humuulizi mtu.

Kisha mnada. Mlio vijijini mnaujua: asiye na pesa hutoa kuku, mayai, debe la uwele, boga, na baada ya ibada vinauzwa palepale. Mnadi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Mayai matatu, 1,000! Nani elfu na mia mbili? Hapo ndipo tulipoharibu. Sisi wa Dar, kwa moyo mweupe kabisa, tulianza kupandisha. Mayai matatu tukayachukua kwa 5,000. Boga 7,000. Debe la uwele 40,000. Jogoo mmoja mwekundu, mwenye kiburi, nilimchukua mimi kwa 50,000, na watu wakapiga vigelegele. Vigelegele vile nilivielewa vibaya.

Baadaye mzee mwenye zeze alinishika mkono tukatembea kidogo. Alisema kwa upole, kwa Kiswahili chenye Kigogo ndani yake. "Mwanangu, tumeshukuru. Ila yule bibi aliyekuwa anataka mayai, huyanunua kila Jumapili. Hana kuku. Ndiyo sadaka yake na ndiyo mboga yake. Leo hakupata kutoa."

Nilimtafuta yule bibi. Nilimpa mayai, akayapokea kwa mikono miwili, akayabusu, akaniambia Mungu akubariki. Bado najua halikuwa lile lile.

Jogoo nilimrudisha kwa mnadi. Akanadiwa tena, akaenda kwa 12,000, kwa mtu wa pale.

Mchana tulikaa na wazee wa kanisa. Nilikuwa na sentensi niliyotumwa nayo na halmashauri: "Tuambieni mnahitaji nini." Nilikwishapiga hesabu ya bati kichwani. Wakatazamana. Mwinjilisti alisema ukuta watamaliza, labda mavuno mawili yajayo, alizeti ikipata bei. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye Kitabu cha Sala.

Ilikuwa na majina 11. Vijana wao waliohamia Dar, wavulana saba, wasichana wanne. Mbele ya kila jina, mwaka aliopata kipaimara, namba ya simu kama ipo, na neno moja au mawili: Mbagala, anauza maji. Gongo la Mboto, chipsi. Kazi za ndani, hatujui wapi. "Tuliwapa barua za utambulisho wapeleke kanisa la huko," alisema. "Hakuna kanisa lililotujibu. Mtutafutie watoto wetu. Mkiwapata, mtuambie wakiulizwa Jumapili tuseme nini."

Jumatatu na Jumanne: kurudi

Gari la Mpwapwa lilichelewa, Coaster ya Dodoma ikachelewa zaidi, treni ya jioni ikatuacha. Tukalala Dodoma, gesti 25,000, zabibu 5,000 za kupeleka nyumbani. Usipange treni ya siku ile ile unayotoka vijijini. Jumanne tukapanda, tukafika. Jumla ya safari, kwa mtu mmoja, bila sadaka na bila jogoo: 198,000.

Wiki tatu baadaye

Nilitoa taarifa kwenye kikao. Wengi walitaka tumalize ukuta wa mbuyu kwa mkupuo mmoja, na mjumbe mmoja aliuliza kama bango letu lipo bado. Nilisema hapana kwa yote mawili na ugomvi uliofuata siuandiki hapa. Tulikubaliana jambo moja kuhusu mtaa wa bati: mama yetu atarudi huko Oktoba na wenzake wawili, atakaa wiki, nyumba kwa nyumba kwa wale 17, na mhazini ameahidi kutembea naye. Deni limefutwa. Wazee wa kule walilifuta wenyewe, mchungaji alinipigia simu.

Majina, nimepata manne. Wawili simu zao hazipatikani tena. Msichana mmoja amehamia Zanzibar. Wa chipsi nilimkuta Gongo la Mboto usiku, anageuza chips mayai, na nilipomsalimia kwa Kigogo changu kibovu, "Mbukwenyi," aliangusha mwiko. Miaka miwili na nusu yuko Dar. Barua yake ya utambulisho ilikuwa bado ndani ya begi, imefungwa na nailoni.

Akaniambia alishawahi kusali kwetu. Siyo kanisa la jirani, kwetu. Mara tatu, ibada ya kwanza, benchi la nyuma karibu na feni iliyoharibika. Najua feni hiyo. Mimi huwa nasimama mlangoni kupokea watu.

"Ya nne sikuja," alisema, akarudi kwenye kikaango, mteja alikuwa anasubiri.

Jumapili iliyopita alikuja. Nilimwekea nafasi mbele, akaenda kukaa nyuma.